Walinichimbua Nikiwa Hai



Naandika haya nikikuwaza wewe uliyelala wodini ukitazama dari, au wewe uliyesharudi nyumbani, watu wanakupongeza kwa kupona, na moyoni unajua hujapona. Mimi ni mchimba mawe wa Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, kule ambako ukishapita Makongeni na Landless, barabara ya Garissa inakuelekeza Kilimambogo. Aprili ya mwaka 2018 ukuta wa machimbo ulinifunika. Nimelisimulia jambo hili kanisani zaidi ya mara moja na kila mara nimelikatiza njiani, mara kwa sababu mchungaji anaangalia saa, mara kwa sababu koo limekauka. Hapa hakuna saa. Nitalimaliza.

Uijue kazi kwanza. Chini ya udongo wetu kuna mwamba uliotokana na majivu ya volkano za kale, jiwe la kijivu linalokubali kukatwa. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe Novemba 2012, magorofa yameota Kahawa, Ruiru na Juja, na kila gorofa linataka mawe. Malori yanafika alfajiri. Mwenye kujenga ananunua kwa futi. Sisi tunaokata tunalipwa kwa kila jiwe lililonyooka. Unatoboa mashimo kwa mstari, unapanga kabari, unazigonga moja baada ya nyingine kwa zamu, huongezi nguvu wala hupunguzi, mpaka mwamba upasuke kwa sauti kavu. Sauti hiyo mchimbaji anaipenda, maana ndiyo mshahara wake. Akina mama wanakaa pembeni na nyundo zao wakiponda mabaki kuwa kokoto. Hakuna kinachotupwa.

Kwari letu lilikuwa na njia moja ya kushukia. Ilikatwa ubavuni mwa shimo, upande mmoja ukuta, upande mwingine hewa, na mteremko wake ulikuwa mkali kiasi kwamba mvua ikinyesha tulishuka kwa makalio kuliko kwa miguu. Februari ya mwaka ule tulikuwa tumemwona kwenye taarifa ya habari Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi na kulelewa Austria, akiteremka mlima wa theluji kule Pyeongchang, Korea Kusini, Mkenya wa kwanza mwanamke kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Basi kila kijana aliyeteleza kwenye njia ile aliitwa Sabrina. Aliyeitwa hivyo zaidi ya wote ni kijana mmoja wa Kitui, mwembamba, mcheshi, aliyekuwa amenifuata miezi michache ili nimfundishe kukata jiwe. Sitamtaja jina. Wazazi wake wapo na wamesumbuka vya kutosha.

Masika ya mwaka ule hayakuwa ya mchezo. Mvua ilianza Machi na haikupumzika. Nataka ujue kinachotokea, kwa sababu wengi wanafikiri ukuta huanguka bila taarifa. Juu ya mwamba kuna tabaka la udongo, na sheria ya kazi ni kwamba udongo ule urudishwe nyuma, mbali na ukingo, kabla hujaanza kukata jiwe lililo chini yake. Kuurudisha nyuma ni gharama, wala hakuna anayekulipa kwa udongo. Ukiachwa pale, maji ya mvua yanaingia, yanauongezea uzito, na yakifika kwenye mwamba yanatembea kati ya udongo na jiwe. Hapo udongo hauna tena cha kushikilia. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa inapita tani moja na nusu. Wazee wa kazi wana dalili zao: changarawe zinazodondoka zenyewe bila mtu kugonga, ufa mpya kwenye nyasi za juu, maji yanayotoka katikati ya ukuta mahali palipokuwa pakavu jana.

Asubuhi ile maji yalikuwa yanatoka. Tulimwambia msimamizi. Malori yalikuwa yameshafika, yamepanga foleni mpaka barabarani, na muhula wa pili ulikuwa karibu kufunguliwa, kila mzazi pale akiwa na karo kichwani. Tukashuka.

Watu huniuliza kuhusu kishindo. Sikusikia kishindo. Nilisikia mtu juu akiita, "Tokeni!" Nilikuwa nimeshika mtaimbo, nikitikisa jiwe lililokwama. Nikamtazama yule kijana. Alikuwa ameinama. Nilitaka kumwita. Udongo ukanipiga mgongoni.

Kisha giza.

Sikuwa nimesimama. Sikuwa nimelala. Mkono wa kulia ulikuwa juu. Wa kushoto sikujua uko wapi. Mdomo ulijaa udongo. Nikatema. Ulichotema hakiendi popote, kinabaki hapo hapo kidevuni. Bamba la jiwe lilikuwa limeegemea mbele ya uso wangu, na kati ya bamba na pua kulikuwa na nafasi. Nafasi ya ngumi moja.

Nilijaribu kukunja mguu. Haukukunjika. Nikajaribu kidole. Hapana.

Nikatoa pumzi. Udongo ukashuka ukachukua mahali pa pumzi. Nikavuta. Kifua kikakataa kupanda. Nikavuta kidogo. Kidogo tena. Nikaelewa kwamba nikitoa pumzi yote sitairudisha.

Nilipiga kelele. Sauti iligonga jiwe ikanirudia.

Sisi wa umri wangu tunamkumbuka Rose Wanjiku. Agosti 1998, baada ya bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, alizungumza na waokoaji akiwa chini ya vifusi vya jengo la Ufundi, siku moja na nyingine, nchi nzima ikimwombea. Hakutolewa akiwa hai. Nilikuwa kijana tu wakati huo, lakini jina lake lilinijia kule chini, waziwazi, na nikasema moyoni: basi ndivyo inavyokuwa. Kisha nikafikiria karo. Nakwambia ukweli, nilifikiria karo. Nikafikiria kwamba ufunguo wa kabati uko kwenye suruali niliyovaa na mama watoto hataweza kutoa vyeti vya watoto vya kuzaliwa.

Maombi yangu hayakuwa na mpangilio. Nilisema Yesu. Yesu. Sikuwa na pumzi ya neno la pili.

Hapo katikati sipakumbuki.

Yaliyofuata niliambiwa. Wenzangu walikuwa wameanza kuchimba mahali waliponiona mara ya mwisho, na hapo sikuwepo tena. Maporomoko hayakuachi uliposimama, yanakubeba. Mama mmoja wa kokoto, ambaye sote tunamwita shosho ingawa hajazeeka kiasi hicho, aliona ncha ya chuma imechomoza kwenye udongo hatua kadhaa chini ya mahali walipokuwa wanachimba. Ulikuwa mtaimbo wangu. Aliushika, na anasema hadi leo kwamba ulitetemeka mkononi mwake. Mimi sikujua kama nilikuwa bado nimeushika. Aliwaita wanaume, wakamwambia atoke, ukuta unaweza kushuka tena. Hakutoka. Alipiga magoti akaanza kuchimba kwa karai lake la kokoto na kwa vidole. Akina mama wenzake wakamfuata. Wanaume wakaja mwisho, nao wanakubali hivyo wakiulizwa.

Walifika usoni kwangu kwa mikono, kwa sababu sepetu ingenikata. Nilihisi kidole kikinipapasa shavu, kikaingia mdomoni, kikazoa udongo. Halafu mwanga. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Ikaniingia mdomoni nikaimeza. Waliniambia nilikuwa nimekaa chini dakika kumi hivi, hazikuzidi sana. Sibishani nao.

Hapo ndipo nilidhani yamekwisha.

Miguu ilikuwa imebanwa. Mguu wa kulia, kuanzia juu ya goti kwenda chini, ulikuwa chini ya jiwe ambalo wanaume wanne hawakuweza kulisogeza. Wakatafuta jeki ya lori. Wakati wanaitafuta na kuchimba mahali pa kuiweka, zaidi ya saa moja ilipita, ikawa inakaribia mbili. Kaka yangu mkubwa alikuwa amefika mbio kutoka Munyu, viatu havina kamba. Hakusema kitu. Alikaa kwenye matope nyuma yangu akaniegemeza kifuani kwake.

Jeki ilipopatikana, kila mtu alitaka jiwe liondoke mara moja. Aliyewazuia ni nesi mmoja wa dispensari, ambaye siku hiyo hakuwa zamu. Aliitwa kutoka nyumbani kwake, akaja na gambuti na mkoba. Alisema, "Maji kwanza, jiwe baadaye." Vijana walimfokea. Mmoja alimwuliza kama anataka mtu afe mbele yake. Yeye alikuwa anatafuta mshipa kwenye mkono wangu uliojaa tope, akausafisha kwa maji ya chupa, akachoma dripu, akampa kaka yangu mfuko aushike juu. Mwingine akaushikia mwavuli. Ulipoisha akaweka wa pili. Ndipo akasema sasa.

Alichokijua yeye, sisi hatukukijua. Nyama ya mguu ikibanwa kwa muda mrefu inaanza kufa, na uchafu wake unabaki pale pale kwa kuwa damu haipiti. Ukiliondoa jiwe, damu inarudi, na uchafu wote unaingia mwilini kwa mkupuo. Potasiamu iliyotoka kwenye nyama inaweza kusimamisha moyo. Chembe za msuli zinaziba figo. Daktari Eric Bywaters na mwenzake waliieleza hali hii London mwaka 1941, wakati nyumba zilipokuwa zikiangushwa na mabomu ya Wajerumani: mtu anatolewa kwenye kifusi akizungumza vizuri, siku chache baadaye figo zimesimama na amekufa. Maji ya mapema ndiyo yanayosaidia kuzisuuza figo. Daktari wodini alinifafanulia haya baadaye, na kila nilipomwona yule nesi sokoni Makongeni baada ya hapo nilishindwa kumsalimia vizuri. Utamsalimiaje mtu wa hivyo?

Jiwe lilipoinuka sikusikia maumivu. Mguu ulikuwa mweupe, wa mtu mwingine. Nikawaambia niko sawa. Niliwaambia wanipeleke nyumbani nikaoge. Kama wewe umetoka kwenye ajali ya kufunikwa au kubanwa na unajisikia mzima, na unasoma haya ukiwa nyumbani, tafadhali nenda hospitali leo. Usingoje kesho.

Walinipeleka hospitali ya Thika Level Five nyuma ya gari la mtu, kaka yangu bado ameinua ule mfuko. Kabla ya usiku mguu ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa, ikabidi madaktari wapasue pande mbili kuupunguzia shinikizo, na jeraha likaachwa wazi. Mkojo ulitoka kidogo, rangi ya chai ya strungi. Kesho yake haukutoka kabisa.

Nikawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Hapa lazima nimtaje mama watoto. Miaka yote ile, mimi nikilipwa kwa jiwe, mwezi wa neema na mwezi wa njaa, yeye alikuwa akitoa shilingi 500 kila mwezi kwa ajili ya bima ya afya ya NHIF, hii ambayo siku hizi imegeuka SHA. Kuna miezi tulidaiwa unga dukani na zile mia tano zilikuwa zimeshaenda. Tuligombana juu yake. Siku ile kadi ilipotolewa pale dirishani na kukubaliwa, alirudi akakaa kando ya kitanda na hakunikumbusha ugomvi hata mmoja. Yaliyobaki, dawa na nauli na mengine, yalilipwa na mchango. Jamaa walifungua kundi la WhatsApp, wakatuma M-Pesa mia kwa mia, elfu kwa elfu. Akina mama wa kokoto walituma. Wale wanapata kiasi gani kwa siku, mimi ninajua.

Kaka yangu ndiye aliyeniambia kuhusu yule kijana. Alichagua siku ambayo nilikuwa na nguvu kidogo, akasimama dirishani, akazungumza akitazama nje. Walimpata kabla ya magharibi. Alikuwa pale pale alipokuwa ameinama. Hakuwa na bamba mbele ya uso.

Sasa nifike mahali ninapokatizia kila mara.

Usiku wa tarehe 9 Mei bwawa lilipasuka Solai, kaunti ya Nakuru. Asubuhi, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio ndogo, na redio ikasema maji na matope yameshuka kijijini watu wakiwa nyumbani mwao. Walikuwa wanataja idadi, na idadi ilikuwa inapanda. Mwisho ilipita arobaini. Walikuwa wanasema waokoaji wanachimba. Kila waliposema wanachimba, mwili wangu ulitetemeka bila mimi kuuambia. Nikamwomba mwenzangu azime. Akazima. Lakini nilikuwa nimeshasikia.

Siku ile ilipita. Usiku ukaja.

Taa za wodi zilizimwa, ikabaki ile ya kwa manesi. Nililala chali. Siwezi kugeuka, mguu umefungwa. Shuka lilikuwa kifuani. Nikalihisi zito. Nikalisukuma. Nikalihisi tena. Pumzi zikaanza kufupika. Najua niko hospitali. Naona taa. Najua. Na bado udongo uko kifuani.

Figo hazifanyi kazi. Mguu huenda ukakatwa. Kijana wa watu amekufa, na ni mimi niliyemfundisha kushika nyundo. Watoto wako nyumbani wanakula kwa mchango.

Nikamwambia Mungu: ungeniacha kule.

Nilisema hivyo. Kwa sauti ndogo. Sikulia. Nilisema na nilimaanisha. Niliona kule chini palikuwa na dakika kumi tu, na huku juu hakuna mwisho. Nilitazama chupa, nikatazama mipira iliyonichoma shingoni, na nikawaza jambo ambalo sitaliandika.

Sijui nililalaje. Najua nilifika asubuhi. Wewe ambaye usiku wako uko hapo sasa, sikuambii ulichonacho ni kidogo. Nakwambia nilifika asubuhi bila kujua namna, nami sikuwa na imani wala ujasiri wa kujivunia. Nilikuwa mtu aliyechoka, nesi akapita kupima presha, kukapambazuka.

Mama yangu alikuja saa ya kuona wagonjwa. Alikuwa amebeba ndizi na parachichi, matunda ya shamba lake, na nesi akamwambia hayo kwangu ni sumu kwa sasa, yana potasiamu nyingi na figo haziwezi kuitoa. Mama alimtazama yule nesi kwa muda. Mwanamke aliyelea watoto kwa parachichi anaambiwa parachichi ni sumu. Akayarudisha kwenye kiondo bila neno, akakaa, akauchukua mkono wangu. Kucha zangu zilikuwa bado na udongo wa Gatuanyaga. Siku zote zile nilikuwa nimepanguswa uso, nimefungwa vidonda, na hakuna aliyekumbuka kucha. Akatoa njiti ya kiberiti, akaanza kuzichokoa, moja moja, polepole, akipangusa njiti kwenye leso yake.

Nikamwambia nilichomwambia Mungu usiku.

Aliendelea kuchokoa. Nilidhani hakusikia. Alipomaliza kidole kidogo akasema, "Lete ule mwingine."

Nikampa mkono mwingine. Ndipo nikalia.

Mchungaji alikuja Jumapili akasoma Zaburi ya 40, nami nashukuru, lakini siku ile sikusikia vizuri. Niliisikia miezi baadaye. Kwa hiyo ukisomewa neno na lisikuguse, usijilaumu wala usimfukuze anayelisoma.

Mkojo ulirudi polepole, kijiko, kikombe, wodi nzima ikawa inaniuliza habari zake kila asubuhi bila haya. Mashine ikaachwa. Mguu haukukatwa. Unaburuta kwenye kidole gumba, na ninajua viatu vyangu vitachakaa upande gani.

Kabla sijatoka, mpwa wangu alipiga simu ya video kutoka Innsbruck, Austria, anakofanya kazi ya uuguzi. Alitaka kuniona tu, ila mazungumzo yakaingia kwenye kazi yake. Huko, alisema, wanapokea watu waliofunikwa na theluji. Wanapanda milima wenyewe, kwa raha zao, na mbao za skii miguuni, wakashuke mahali pasipo njia. Theluji huporomoka zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, hiyo hiyo wanayoipenda wao, na mara nyingi anayefunikwa ndiye yeye au mwenzake aliyeishtua kwa uzito wake. Ikisimama inakaza, hausogezi kidole. Nikamwambia hilo nalijua. Akasema anayechimbuliwa ndani ya dakika kumi kwa kawaida anapona. Ikifika nusu saa, wengi wamekufa, kwa kukosa hewa. Kwa hiyo hawangoji helikopta. Kila mmoja hubeba kifaa kidogo cha redio kifuani kinachoonyesha alipo, ufito mrefu wa kukunja wa kuchokolea theluji, na sepetu. Wenzako ndio wanaokutoa. Na mahali pa hatari wanapita mmoja mmoja, wengine wamesimama pembeni wakimtazama, ili wasifunikwe wote.

Nilimwuliza mtu anaendaje mwenyewe mahali pa kufunikwa tena kwa kulipa. Akacheka akasema hata wao wanaulizwa hivyo na mama zao. Bado simwelewi mtu huyo. Pengine naye hawezi kunielewa mimi niliyekuwa nakwenda kwa bei ya jiwe. Lakini ule ufito uliniingia akilini, kwa sababu shosho wa kokoto alinipata kwa mtaimbo, na ile habari ya mmoja mmoja haikunitoka.

Nyumbani nilipokelewa kwa nyimbo. Wiki ile ya kwanza watu walijaa, chai haikukauka. Baadaye wakarudi kwenye shughuli zao, na ni haki yao. Hapo hofu ikapata nafasi. Sikuweza kulala mlango umefungwa. Sikuweza kuvuta blanketi kupita kifuani. Kuoga, maji yakinipita usoni, nilishika ukuta. Mvua ikigonga mabati usiku nilijikuta uani nimesimama kwa nguo ya ndani, miguu peku, sijui nimetokaje. Mara ya kwanza mama watoto alinifuata na koti. Mara zilizofuata alinifuata na koti na stuli mbili. Tunakaa chini ya mwembe mpaka ipungue, tunazungumza mambo ya kawaida, nani kaolewa, bei ya mahindi. Hajawahi kuniambia niache. Kwenye kliniki ya mguu nilielekezwa kwa mshauri, mwanamke mpole, akaniambia mwili wangu unakumbuka na hiyo si dalili ya imani ndogo. Nilihitaji kuambiwa hivyo na mtu wa hospitali. Kanisani walinipenda sana ila walikuwa wananiambia niikemee hofu.

Nilipoweza kukaa kwenye matatu nilikwenda Kitui na kaka yangu kuwaona wazazi wa kijana. Nilijiandaa kwa maneno. Baba yake alinipa kiti, mama yake akanipa chakula, na alipoona ninavyoburuta mguu alikwenda ndani akaleta fimbo ya marehemu babake. Ninayo. Tulizungumza pia habari za fidia. Iko sheria ya mwaka 2007, wengi wanaiita WIBA, ya mtu aliyeumia au kufa kazini, na dai linatakiwa lipelekwe ndani ya mwaka mmoja tangu ajali. Mwenye kwari alisema sisi hatukuwa watu wake, tulikuwa tunauza mawe tu. Safari ile ni ndefu, sitaimaliza hapa. Nikwambie tu: usingoje mguu upone ndipo uulize, na andika majina ya waliokuwepo siku hiyo wangali wanapatikana.

Tangu wakati huo sijashuka chini. Niko juu, kwenye kwari jingine, si lile. Nahesabu mawe yanayopakiwa, na wakati wa mvua nasimama ukingoni na filimbi, natazama nyasi na natazama ukuta. Niliwaomba vijana wapite njiani mmoja mmoja na wengine wangoje. Mwanzoni walinicheka. Wapo wanaonicheka bado. Nimepuliza filimbi bure mara nyingi, wakapanda mbio, wakakaa, ukuta ukasimama vilevile, na mwenye lori akanitukana. Napuliza tena. Aprili 2024 mvua zilipokuwa mbaya, wiki zile za mafuriko ya Mai Mahiu, tulifunga, na mwenye kwari hakuhitaji kubembelezwa. Machimbo mengine jirani hayakufunga.

Shosho wa kokoto bado anaponda. Ukipita Gatuanyaga utamkuta, na ukimwuliza habari zangu atakwambia kwanza kwamba mimi ni mzito.

Mungu amenitendea. Nasema hivyo mbele ya yeyote. Figo zangu zinafanya kazi, watoto wako shuleni, na mama yangu yuko hai na ananiletea parachichi kwa makusudi kila anapokuja. Lakini nisikudanganye kwamba hofu imehama. Ninapoandika haya mawingu yamekaa juu ya Kilimambogo na watu wa hali ya hewa wanasema masika yako karibu. Kama unaomba, niombee katika miezi yake mitatu. Nami jina lako silijui, lakini kila asubuhi kabla sijaenda kazini ninamwombea aliye wodini, na hapo nimekuweka.